Nani Mwongo: Baba Watoto au Mashine ya Sukari?

Barua niliyoipokea majuzi kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, imenifanya niiweke kando mada niliyokuwa nimewaandalia Jumapili ya leo. Mama huyu amejaza kurasa tatu za daftari, mistari imebanana kama abiria wa matatu saa za jioni, kwa hivyo nitayafupisha aliyoyasema.

Mumewe ana umri wa miaka 51 na amekuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka sita sasa. Ni kile kisukari cha aina ya pili, ambacho aghalabu huwapata watu wazima. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wameumudu ugonjwa huo vizuri. Mama alijifunza kupunguza ugali na kuongeza sukuma wiki, chai ikawa hainyweshwi sukari, soda ikafukuzwa nyumbani, na mzee akawa anameza tembe zake asubuhi na jioni bila kukosa. Alipojidunga kidole asubuhi kabla ya kula, mashine ilisoma 6 au 7. Kisha mwezi wa Februari mwaka huu kibarua chake kikaota nyasi. Kampuni aliyoitumikia kwa miaka 19 iliwapunguza wafanyakazi, naye akawa mmoja wao. Tangu hapo mashine imekuwa ikisoma 11, mara 13, na asubuhi moja ikasoma 14.

"Chakula ninachopika ni kile kile," anaandika mama. "Nilimwambia baba watoto aniambie ukweli, anakula nini huko nje anakoshinda? Aliapa kwamba hajaonja hata andazi. Sikumwamini. Tumegombana hadi watoto wakatusikia, na sasa ameacha kujipima kabisa. Anasema hawezi kufanywa mshtakiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nakuomba ndugu mwandishi uniambie, nani mwongo kati ya mume wangu na mashine?"

Mpenzi msomaji, swali hili si la mama huyu peke yake. Naamini kuna nyumba nyingi ambamo mgonjwa wa kisukari hutazamwa kila asubuhi kama mwizi aliyekutwa karibu na banda la kuku. Namba ikipanda, basi amekula. Lakini yawezekana kabisa kwamba hapa hakuna mwongo. Mashine inasema kweli, na mzee anasema kweli kwamba hajala kitu. Kuna sukari inayoingia damuni bila kupitia mdomoni.

Hebu tuone jambo hili linavyotendeka. Wengi wetu huamini kwamba sukari yote iliyo katika damu imetoka kwenye sahani. La hasha! Mwili una ghala lake, nalo ni ini. Unapokula, sehemu ya sukari huwekwa humo kwa umbo liitwalo glaikojeni. Usiku unapolala saa nane bila kutia kitu tumboni, ini ndilo linalotoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula. Insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, huliambia ini lipunguze kutoa. Kuna homoni nyingine zinazoliambia litoe zaidi, na mbili kati ya hizo, adrenalini na kotisoli, hutoka kwenye tezi mbili ndogo zilizoketi juu ya figo kama kofia.

Sasa fikiria unapita kichochoro chenye giza na ghafla watu watatu wanakuzingira. Mwili wako hauwezi kungoja ule kwanza ndipo ukimbie. Papo hapo adrenalini inamwagika, moyo unadunda, na ini linafungua ghala ili misuli ipate kuni za kukimbilia. Kotisoli inafuata nyuma polepole lakini inakaa zaidi, nayo ina tabia moja mbaya kwa mwenye kisukari, kwani huifanya misuli iwe kiziwi kwa insulini. Ukifanikiwa kutoroka, sukari ile itakuwa imetumika. Lakini mtu aliyepokea barua ya kuachishwa kazi, au notisi ya mwenye nyumba, hakimbii popote. Ameketi kitini akitazama ukuta. Mwili wake haujui tofauti ya jambazi na deni. Sukari imemwagwa na hakuna wa kuitumia.

Kwa mtu mwenye afya, kongosho litaongeza insulini na mambo yatatulia bila yeye kujua lolote. Kwa mwenye kisukari, insulini haitoshi au mwili hauisikii, na sukari hiyo inabaki ikizunguka. Kama unataka ushahidi wa nguvu za kotisoli, waulize wagonjwa wa pumu au wa baridi yabisi ambao hupewa tembe za prednisoloni kwa muda mrefu. Dawa hiyo ni ndugu wa kotisoli, na ndiyo maana daktari huangalia sukari ya mgonjwa anayeitumia, hasa kama tayari ana kisukari.

Haya si mambo ya jana. Katika karne ya 17 daktari mmoja Mwingereza, Thomas Willis, aliandika kwamba huzuni ya muda mrefu inaweza kuleta kisukari. Mnamo mwaka 1849 Mfaransa Claude Bernard alichoma sehemu fulani ya chini ya ubongo wa sungura kwa sindano, na sukari ikaonekana katika mkojo wake. Mwaka 1911 Mmarekani Walter Cannon na wenzake walimweka paka karibu na mbwa anayebweka. Paka hakuumwa wala hakuguswa, alitishwa tu, lakini mkojo wake ukawa na sukari. Paka walioondolewa zile tezi za juu ya figo walitishwa vivyo hivyo na sukari haikuonekana.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mtapenda kisa kinachofuata. Mwaka 1913, baada ya mechi ya mwisho na kali zaidi ya msimu, Cannon na mwenzake Fiske waliwapima mkojo wachezaji 25 wa timu ya kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Harvard. Wachezaji 12 walikuwa na sukari. Utasema ni kwa sababu ya kukimbia? Watano kati ya hao 12 walikuwa wachezaji wa akiba ambao hawakutia mguu uwanjani. Walikaa benchi wakiungua roho tu. Huko huko, mtafiti mwingine aliwapima wanafunzi tisa wa udaktari baada ya mtihani mgumu, na wanne wakawa na sukari katika mkojo. Baada ya mtihani mwepesi, ni mmoja tu aliyekuwa nayo. Vijana hao hawakuwa wagonjwa. Ilikuwa miili yao ikifanya kazi yake ya kawaida ya kujiandaa kwa vita.

Je, mawazo yanaweza kumpa kisukari mtu ambaye hakuwa nacho? Hapa nataka tuwe waangalifu, kwa maana nimesikia mengi matangani. "Fulani alipewa kisukari na mkewe." "Wale watoto ndio waliomletea sukari." Maneno kama haya yamevunja jamaa. Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huwaanza watoto na vijana, hutokea pale askari wa mwili wenyewe wanapoziharibu seli zinazotengeneza insulini, na hakuna mke wala mtoto wa kulaumiwa kwa hilo. Kile cha aina ya pili hufuata damu ya ukoo, umri, unene hasa wa tumboni, na kuketi sana. Msongo wa mawazo huongeza mzigo juu ya hayo, na mzigo huo umepimwa. Jijini London, kuanzia mwaka 1985, watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 wamekuwa wakifuatiliwa katika utafiti uitwao Whitehall II. Mwaka 2009 watafiti waliripoti kwamba wanawake waliokuwa na kazi yenye shinikizo kubwa, uhuru mdogo wa kuamua na msaada mdogo kutoka kwa wakubwa na wenzao walipata kisukari cha aina ya pili karibu mara mbili ya wengine. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Sababu ya wanaume kuepuka sina, ila akina mama wasomao haya wakiwa wamechoka huenda wanayo.

Halafu kuna usingizi. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana 11 wenye afya na kuwaruhusu kulala saa nne tu kwa usiku, siku sita mfululizo. Katika muda huo mfupi miili yao ilikuwa inashindwa kuiondoa sukari damuni kwa kasi ya kawaida, na kotisoli yao ilikuwa juu nyakati za jioni. Siku sita tu! Na mtu aliyepoteza kazi hulala vibaya kwa miezi.

Isitoshe, dhiki hutubadilishia mwenendo. Aliyekuwa akitembea kwenda kituo cha basi kila asubuhi sasa hana pa kwenda, kwa hivyo haendi. Aliyekula saa saba kamili sasa anakula saa kumi, chipsi za kuazima pesa. Mwingine anazika fikira zake ndani ya chupa. Kwa maoni yangu, hapa mjini njia hii ndiyo inayowaangusha watu wengi kuliko ile ya homoni, na ndiyo tunayoweza kuifanyia jambo.

Kuna hatari nyingine ambayo ni kinyume cha ile ya mama wa Umoja. Mtu anapitia msiba au amefutwa kazi, naye anaanza kukonda. Anakunywa maji mtungi mzima, anaamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, macho yanaona ukungu. Majirani wanasema, "Ni mawazo tu, yataisha." Hayaishi. Yale ni malalamiko ya mwili uliolemewa na sukari, na mtu huyo anatakiwa zahanati siku hiyo hiyo akapimwe. Kipimo cha kabla ya kula kikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kikarudiwa siku nyingine kikaonyesha hivyo hivyo, hicho ni kisukari. Vilevile ikiwa dalili hizo zipo na kipimo cha wakati wowote kimefika 11.1 au kupita. Sukari iliyopandishwa na hofu ya siku moja hushuka. Isiyoshuka haina haki ya kuitwa mawazo.

Tumrudie mama yetu. Dada, kabla hujaniandikia tena, naomba usimuulize baba watoto amekula nini. Swali hilo amelisikia vya kutosha. Muulize analalaje. Kisha muulize kama dawa zinatosha. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi kazi inapokwenda, bima iliyokuwa ikilipwa na mwajiri huenda nayo, na mwanamume aliyezoea kuleta nyumbani huona aibu kuomba pesa za tembe. Anaanza kuzipimia. Leo ameza, kesho ruka.

Angalieni pia mambo madogo. Jino lililooza, kidonda mguuni, kifua au maambukizi ya mkojo huweza kuipandisha sukari, maana ugonjwa nao ni dhiki kwa mwili. Angalieni tarehe ya vile vipande vya kupimia na kama mkebe wake hufungwa vizuri, kwani vikikaa wazi penye joto na mvuke wa jikoni huharibika. Na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kujidunga. Mtu aliyetoka kumenya chungwa, akapima bila kunawa, ataisoma sukari ya chungwa.

Zaidi ya yote, mwende kliniki mwombe kile kipimo kiitwacho HbA1c. Hiki hutazama jinsi chembe nyekundu za damu zilivyonatwa na sukari, na kwa kuwa chembe hizo huishi siku 120 hivi, kitawaambia hali ilivyokuwa kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Namba ya asubuhi moja yaweza kuwa ni kelele ya usiku mmoja mbaya. Namba ya miezi mitatu ndiyo itakayomwongoza daktari kama dawa ibadilishwe. Tafadhali msijiongezee tembe wenyewe.

Kuhusu ugomvi, mama huyu asidhani namlaumu. Anaogopa kuwa mjane, na hofu ikikosa pa kwenda hugeuka kuwa ukali. Hata hivyo ukali huo unaingia katika hesabu. Mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake huko Boston walichapisha orodha ya maswali 24 ya kupima dhiki inayoletwa na kisukari chenyewe: kuchoshwa na vipimo, kuogopa macho na figo, kuona kila mlo ni mtihani, kuhisi watu wa nyumbani hawakuelewi. Wagonjwa waliolemewa zaidi na dhiki hiyo ndio walioelekea kuwa na sukari ya juu zaidi. Katika nyumba nyingi za kwetu mgonjwa ana polisi wa chakula watatu au wanne. Mke anachungulia sahani, binti anahesabu vipande vya chapati, shemeji aliyekuja kusalimu anatoa hotuba. Afanye nini mtu huyo? Ataficha. Kwanza ataficha andazi, kisha ataficha namba, na mwisho ataitupa mashine juu ya kabati, kama alivyofanya mzee wa Umoja. Na sukari isiyopimwa haisumbui mtu kwa muda, hadi siku inapoyagusa macho au mguu.

Badala ya hukumu, wekeni daftari. Kando ya kila namba aandike neno moja au mawili juu ya siku hiyo: "karo", "sikulala", "nilitembea", "mafua". Baada ya majuma mawili mtaona wenyewe ni nini kinachopandisha. Mpe rafiki wa kutembea naye nusu saa jioni, kwa kuwa misuli inapofanya kazi huivuta sukari kutoka damuni hata kama insulini haifui dafu, na mtu anayetembea huzungumza mambo ambayo hangeyasema akiwa ameketi sebuleni. Ikiwa ameacha kula, haongei, au anasema hafai kitu tena duniani, hilo ni gonjwa jingine lenye matibabu yake. Mwambieni daktari waziwazi, siku hiyo hiyo.

Jambo moja ambalo sitaki lipotee. Wale wanaotumia insulini, au tembe kama glibenklamaidi, wajue kwamba sukari ikishuka mno dalili zake hufanana na za hofu. Unatetemeka, jasho linatoka, moyo unapiga mbio, unakuwa mkali bila sababu. Nimewahi kumwona mtu akiombwa atulie na kuvuta pumzi, ilhali alichohitaji ni sukari, upesi. Pima kwanza. Ikiwa iko chini ya 4, koroga vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji unywe, upime tena baada ya dakika 15. Kama huna mashine karibu, kunywa bila kungoja. Kwa hivyo hata nyumba iliyofukuza soda isifukuze sukari yote. Na ikiwa mgonjwa amezimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kwa upande mwingine, sukari ikiwa juu sana na mgonjwa anatapika, anahema kwa nguvu au anasinzia ovyo, hayo si mawazo. Ni hospitali pia. Anayetumia insulini asiiache eti kwa sababu anaumwa au hajala. Aulize kliniki apunguze au aongeze kiasi gani.

Wanafunzi wenye kisukari cha aina ya kwanza wanaojiandaa kwa mtihani wa KCSE, ninyi hamna kanuni moja. Wengine hofu huwapandisha, wengine huwashusha. Jipimeni wakati wa mitihani ya majaribio mjue mwili wako uko upande gani, na mzazi azungumze mapema na mwalimu mkuu ili mashine na kitu cha sukari viruhusiwe karibu na dawati.

Nilimjibu mama wa Umoja kwa ufupi kabla ya kuandika safu hii, naye akanirudishia ukurasa mmoja tu. Anasema alimuuliza baba watoto juu ya usingizi, na mzee akanyamaza kwa muda mrefu. Kumbe tangu Machi alikuwa akizikata tembe zake nusu kwa kisu cha jikoni ili zifike mwisho wa mwezi, maana hakutaka kugusa pesa za mboga. Na kila siku saa tisa usiku huwa macho, anakwenda kuketi jikoni bila kuwasha taa asije akamwamsha. Wamekwenda kliniki. Daktari amewaandikia dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile, na wanangoja majibu ya kipimo cha miezi mitatu. Jumatano asubuhi mashine ilisoma 9. "Bado iko juu, najua," anaandika, "lakini safari hii alinisomea mwenyewe."

Juma lijalo nitawajibu wale waliouliza kuhusu vidonda vya miguu.